Namna ya Kulinganisha Umri wa Nyota Jirani na Kemia Yake kwa Kutumia Data za Wazi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa chuo, au mpenzi yeyote wa elimu ya nyota mwenye kompyuta ya kawaida, intaneti ya kutosha kupakua faili kubwa mara moja, na kumbukumbu ya hesabu za logi alizofundishwa sekondari. Lengo lake ni kumwezesha achore mwenyewe grafu inayolinganisha umri wa nyota zilizo karibu na Jua na kiasi cha elementi zilizomo ndani yake, kisha aisome grafu hiyo bila kudanganyika. Kuichora si kazi ngumu. Kuisoma ndiko kulikozua ubishi wa miongo kadhaa miongoni mwa wataalamu.

Wazo la msingi ni hili. Ulimwengu ulipoanza kulikuwa na hidrojeni, heliamu iliyofikia karibu robo ya uzito wote, na lithiamu kidogo mno. Kaboni, oksijeni, magnesiamu, chuma na elementi nyingine nzito zilipikwa baadaye ndani ya nyota na katika milipuko yake, zikamwagwa kwenye gesi iliyozaa nyota nyingine. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba nyota iliyozaliwa zamani ina elementi nzito chache, na iliyozaliwa juzi ina nyingi. Matarajio hayo ni sahihi ukitazama historia nzima ya galaksi yetu, lakini katika ujirani wa Jua yanafeli kwa namna inayofundisha mengi, na sehemu kubwa ya hatua zifuatazo imekusudiwa kukuonyesha yanafelia wapi.

Hatua ya kwanza: kuielewa namba ya chuma

Wanaastronomia huziita elementi zote zilizo nzito kuliko heliamu kwa jina moja la metali, hata oksijeni, jambo ambalo mwalimu wa kemia hawezi kulisikia bila kukunja uso. Katika Jua metali hizo ni kati ya asilimia 1.3 na 1.8 ya uzito, kutegemea vipimo vinavyotumika. Chuma huchaguliwa kuziwakilisha nyingine kwa sababu mistari yake katika spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) ya nyota zinazofanana na Jua ni mingi na hupimika vizuri.

Kipimo huandikwa [Fe/H]. Huchukuliwa logi ya uwiano wa chuma kwa hidrojeni katika nyota, ikaondolewa logi ya uwiano huohuo katika Jua. Jua lenyewe kwa hiyo lina sifuri. Nyota yenye −0.5, kama Tau Ceti iliyo umbali wa miaka ya nuru 12 hivi, ina chuma karibu theluthi moja ya kile cha Jua. Nyota yenye +0.2, kama Rijili Kantori, yaani Alpha Centauri A, ina zaidi ya mara moja na nusu. HD 140283, iliyo umbali wa miaka ya nuru 200 hivi, ina takriban −2.4, yaani sehemu moja tu kati ya 250. Zoea kugeuza namba hizi kichwani kabla hujaendelea, kwa sababu tofauti ya 0.1, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, ni asilimia 25 ya chuma.

Hatua ya pili: kuchagua majirani

Umbali wa nyota hupatikana kwa paralaksi, yaani kusogea kidogo kwa nyota angani kunakoonekana Dunia inapolizunguka Jua, na chanzo bora cha paralaksi leo ni Gaia, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya kilichorushwa Desemba 2013 na kusimamisha uchunguzi wake Januari 2025. Toleo lake la tatu la data, lililotolewa Juni 2022, lina takriban nyota bilioni 1.8, nalo linapatikana bure kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Ukigawanya 1000 kwa paralaksi iliyoandikwa kwa elfu za sekunde ya tao, unapata umbali kwa parseki, na parseki moja ni miaka ya nuru 3.26.

Anza na nyota zenye paralaksi ya 2 au zaidi, yaani zilizo ndani ya parseki 500. Huo unaweza kuonekana ujirani mpana kupita kiasi, lakini Jua liko takriban parseki 8,200 kutoka kitovu cha Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, kwa hiyo bado tunazungumzia mtaa mmoja. Mpaka mdogo zaidi utakunyima nyota zinazofaa kupimwa umri, kwa sababu orodha kubwa za kemia zimelenga zaidi nyota hafifu, na zile angavu za karibu sana hazimo kwa wingi.

Weka vichujio viwili. Cha kwanza ni kwamba paralaksi iwe kubwa kuliko kosa lake mara 20 au zaidi. Cha pili ni safu inayoitwa ruwe, ambayo huonyesha kama mwendo wa nyota ulilingana na ule wa nyota moja pekee. Nyota yenye ruwe inayozidi 1.4, iache. Nyota pacha zisizotenganishwa na darubini huonekana kama nyota moja yenye mwangaza uliozidi hadi 0.75 kwa magnitudo, kipimo cha mwangaza wa nyota, na ziada hiyo inatosha kukupa umri wa uongo kabisa.

Hatua ya tatu: kuongeza kemia

Orodha mbili za kemia ya nyota zinafaa. GALAH ilitumia darubini ya mita 3.9 iliyoko Siding Spring, Australia, na toleo lake la tatu lina nyota zaidi ya 588,000 na vipimo vya elementi hadi 30. APOGEE ilipima kwa mwanga wa infraredi kutoka New Mexico na Chile, na toleo lake la mwisho la mwaka 2021 lina nyota zaidi ya 650,000. Kwa kazi hii napendekeza GALAH, kwa sababu itriamu, ambayo tutaihitaji mbele, ni miongoni mwa elementi ilizopima. Kila nyota yake ina namba ya utambulisho ya Gaia, kwa hiyo kuziunganisha faili mbili kwa programu ya bure ya TOPCAT ni suala la kuchagua safu na kubonyeza.

Usichanganye orodha mbili katika grafu moja. Kila moja ina sifuri yake na namna yake ya kusoma spektra, na tofauti ndogo kati ya sifuri hizo inaweza kuonekana kama ugunduzi. Vilevile, soma safu za tahadhari: katika GALAH, thamani isiyo sifuri katika flag_sp au flag_fe_h ina maana kwamba waandaaji wenyewe hawaiamini namba hiyo, na hakuna sababu ya wewe kuiamini.

Hatua ya nne: kupata umri

Hapa ndipo penye kazi. Umbali hupimwa, kemia hupimwa, lakini umri wa nyota iliyo peke yake haupimwi moja kwa moja; hukadiriwa kwa kulinganisha nyota na vielelezo vya kompyuta. Jua pekee ndilo tunalojua umri wake kwa uhakika, miaka bilioni 4.57, na hata huo ulitoka kwenye vimondo vilivyopimwa maabara.

Kwanza kokotoa mwangaza halisi: chukua mwangaza unaoonekana katika safu ya G, toa 10, kisha ongeza mara tano logi ya paralaksi. Nyota yenye mwangaza 11.5 na paralaksi 2.5 hupata 3.5. Jua kwa kipimo hicho lina 4.67, na kumbuka kwamba namba ndogo ni mwangaza mkubwa. Chora mwangaza halisi kwenye mhimili wa wima na rangi, yaani safu ya bp_rp, kwenye mhimili wa mlalo. Utaona mstari mnene wa nyota zinazochoma hidrojeni kitovuni, ambao ni safu kuu, kisha tawi la nyota jitu nyekundu, na kati yao daraja jembamba la nyota zilizomaliza hidrojeni ya kitovu na zinaanza kuvimba. Hizo nitaziita nusu-jitu.

Chukua nusu-jitu tu. Sababu yake ni muhimu kuliko vichujio vyote vilivyotangulia. Nyota ya safu kuu yenye uzito wa 0.7 ya Jua hubadilika kidogo mno hata katika miaka bilioni 13, kwa hiyo kielelezo cha umri wa bilioni 2 na kile cha bilioni 10 hupita karibu mahali pamoja kwenye grafu. Kwenye tawi la majitu pia vielelezo hujikusanya, na hapo umri hupatikana tu ukiwa na habari ya ziada kuhusu uzito, kama mitetemo ya nyota iliyopimwa na darubini za angani za Kepler au TESS, au uwiano wa kaboni kwa nitrojeni. Kwenye daraja la nusu-jitu, kinyume chake, mwangaza hutegemea uzito wa nyota kwa ukaribu sana, na uzito ndio unaoamua nyota ilichukua muda gani kumaliza hidrojeni yake. Mwaka 2022 Maosheng Xiang na Hans-Walter Rix walitumia takriban nusu-jitu 250,000 kutoka Gaia na darubini ya LAMOST ya China, wakapata umri wenye kosa la wastani la asilimia 7 hivi. Kwa nyota za safu kuu zilizo peke yake, usahihi wa namna hiyo ni ndoto.

Vielelezo vyenyewe huitwa isokroni, na vile vya PARSEC na MIST vinapatikana bure mtandaoni. Asiyetaka kuandika programu anaweza kuchukua faili ya ziada ya GALAH yenye makadirio ya umri yaliyokwisha kufanywa. Ni njia halali, mradi achague nyota zenye kosa dogo na abaki kwenye nusu-jitu.

Wanaokokotoa wenyewe wazingatie mambo mawili. La kwanza ni vumbi. Ndani ya parseki 100 hivi kutoka Jua vumbi ni kidogo, lakini mbali zaidi huifanya nyota ionekane nyekundu na hafifu kuliko ilivyo. Tumia makadirio ya vumbi yaliyomo kwenye orodha, au acha nyota zilizo karibu na bapa la Njia Nyeupe. La pili ni metali zinazoingizwa kwenye kielelezo. Nyota nyingi za zamani zina oksijeni, magnesiamu na silikoni zaidi ya zinavyotarajiwa kwa chuma chao, na kielelezo kinachotazama chuma pekee kitakosea umri. Maurizio Salaris na wenzake walitoa mwaka 1993 marekebisho yanayotumika hadi leo: inua 10 kwa nguvu ya ziada hiyo (iliyoandikwa kwa logi kama [Fe/H]), zidisha kwa 0.638, ongeza 0.362, kisha ongeza logi ya jibu kwenye [Fe/H]. Nyota yenye chuma −0.5 na ziada ya 0.25 huingizwa kama −0.33.

Hatua ya tano: kujipima kabla ya kupima

Kabla ya kuigusa grafu ya umri na chuma, pitisha njia yako juu ya kundi la nyota la M67. Lipo nje ya mpaka wetu wa parseki 500, lakini linafaa kwa jaribio kwa sababu nyota zake zilizaliwa pamoja, miaka takriban bilioni 4 iliyopita, zikiwa na chuma kinachokaribiana na cha Jua. Ukipata nyota zake zikitawanyika kati ya bilioni 2 na bilioni 7, basi mtawanyiko huo ni wa njia yako, nao utakuwemo katika kila jibu utakalopata baadaye.

M67 ina funzo la pili. Nyota zake zinazokaribia kutoka safu kuu huonyesha chuma pungufu kidogo kuliko majitu yake, ingawa zote zilitokana na wingu moja la gesi, kwa sababu elementi nzito huzama polepole chini ya uso wa nyota, kisha huinuliwa tena nyota inapovimba na gesi yake kukorogeka. Kwa hiyo hata kemia ya uso si nakala kamili ya gesi iliyoizaa nyota. Kasoro hiyo ni ndogo kwa nusu-jitu waliokwisha kuvimba, nayo ni hoja nyingine ya kuwapendelea.

Hatua ya sita: grafu ya chuma

Sasa weka umri kwenye mhimili wa mlalo na [Fe/H] kwenye wima. Usipitishe mstari ulionyooka. Gawanya umri katika vipande vya miaka bilioni moja, na kwa kila kipande andika thamani ya kati na upana wa mtawanyiko.

Utakachokiona kitamvunja moyo anayetafuta saa. Kuanzia nyota changa hadi zenye miaka bilioni 8 hivi, thamani ya kati hukaribia kulala mlalo, na katika kila umri mtawanyiko ni mkubwa, kuanzia nyota zenye theluthi ya chuma cha Jua hadi zenye maradufu yake. Ni baada ya hapo tu ndipo mteremko unapoanza, nyota zikizidi kuwa na umri mkubwa na chuma kidogo. Mfano wa wazi ni kundi la NGC 6791, lenye miaka takriban bilioni 8 na chuma zaidi ya mara mbili ya Jua, ilhali Kilimia, chenye miaka milioni mia moja na ushei tu, kina chuma cha kawaida kinacholingana na cha Jua.

Bengt Edvardsson na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 1993 kwa nyota 189 tu zilizopimwa kwa uangalifu mkubwa, na uchunguzi wa Geneva na Copenhagen wa mwaka 2004, wenye nyota takriban 14,000, ukalithibitisha. Kabla yao wengi waliridhika na mstari laini unaopanda, nami naona ni mfano mzuri wa jinsi wastani unavyoweza kuficha habari yenyewe.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nyota huhama. Gesi iliyo karibu na kitovu cha galaksi ilirutubika mapema kuliko ya pembezoni, na hata leo chuma hupungua kwa takriban 0.06 kwa kila parseki 1,000 unapoelekea nje. Jerry Sellwood na James Binney walionyesha mwaka 2002 kwamba mikono ya mzunguko ya galaksi inaweza kuhamisha njia ya nyota kuelekea ndani au nje bila kuifanya njia hiyo kuwa ya kupinda zaidi, kiasi kwamba mhamiaji hatambuliki kwa mwendo wake. Anayesimama Kariakoo asubuhi na kuuliza kila mpita njia umri na lafudhi yake hawezi kupata historia ya lafudhi ya Kariakoo, kwa sababu wengi hawakuzaliwa pale. Chuma cha nyota ni lafudhi ya namna hiyo: husema mahali na wakati kwa pamoja, na peke yake hakiwezi kuvitenganisha.

Kuna mtego mmoja unaostahili aya yake. Namba ya chuma imetumika mara mbili, kwanza kwenye kielelezo cha umri na tena kwenye mhimili wa grafu. Ukiikadiria kupita kiasi, kielelezo hugeuka chekundu zaidi, nyota yako huonekana ya buluu ikilinganishwa nacho, na hupewa umri mdogo. Kosa moja kwa hiyo huisukuma nyota kuelekea kwenye kona ya chuma kingi na ujana, na makosa mengi ya aina hiyo hutengeneza uhusiano usiokuwepo. Njia ya kujilinda ni kuongeza makosa ya kubahatisha kwenye [Fe/H] ya kila nyota, kukokotoa umri upya, na kutazama mteremko unabadilika kiasi gani.

Hatua ya saba: magnesiamu kwa chuma

Badala ya chuma weka [Mg/Fe], yaani uwiano wa magnesiamu kwa chuma ulioandikwa kwa namna ileile ya [Fe/H], kwenye mhimili wa wima, na picha itasafika ghafla. Magnesiamu hutoka karibu yote katika supanova za nyota nzito, zenye uzito wa zaidi ya mara nane ya Jua, ambazo hulipuka ndani ya makumi ya mamilioni ya miaka tangu kuzaliwa. Sehemu kubwa ya chuma hutoka katika supanova za aina nyingine, zile za vibete vyeupe (viini vilivyobaki vya nyota zilizokufa) katika nyota pacha, ambazo nyingi huchelewa kwa mamia ya mamilioni hadi mabilioni ya miaka. Kwa hiyo gesi ya mwanzo ilikuwa na magnesiamu nyingi kwa chuma kidogo, na uwiano ukashuka chuma kilipowasili.

Katika grafu yako nyota zenye zaidi ya miaka bilioni 8 hivi zitapanda kuelekea +0.2 au +0.3, na zile changa zitabaki karibu na sifuri. Za juu ndizo za diski nene ya galaksi, za chini ni za diski nyembamba. Kwa nyota moja moja kipimo hiki hujibu swali moja tu, kama ni ya kundi la zamani au la, kwa sababu chini ya bilioni 8 mteremko wake ni mdogo mno kupima umri.

Hatua ya nane: itriamu kwa magnesiamu

Itriamu huzalishwa hasa na nyota zenye uzito wa kati ya mara moja na mara nne ya Jua zinapokaribia mwisho wa maisha yake, kwa njia ya kumeza nyutroni polepole. Kwa kuwa nyota hizo huchelewa, itriamu huongezeka wakati magnesiamu imekwisha kutangulia, na uwiano wa viwili hivyo hubadilika hadi leo. Poul Erik Nissen alionyesha mwaka 2015, kwa nyota zinazofanana sana na Jua, kwamba [Y/Mg], yaani uwiano wa itriamu kwa magnesiamu, hushuka kwa takriban 0.04 kwa kila miaka bilioni moja ya umri, kuanzia karibu +0.175 kwa nyota changa kabisa. Nyota yenye −0.05 kwa kanuni hiyo ina umri wa miaka bilioni 5.6 hivi.

Kanuni hiyo ina masharti. Ilipatikana kwa spektra bora zenye kosa dogo, ilhali kosa la itriamu katika orodha kubwa mara nyingi hufikia 0.1, ambalo ni sawa na zaidi ya miaka bilioni mbili; kwa hiyo itumie kwa makundi ya nyota, si kwa nyota moja. Pia Sofia Feltzing na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba uhusiano huo hufifia chuma kinaposhuka, kiasi cha kutoweka karibu na −0.5. Bana sampuli yako kati ya −0.2 na +0.2 na utabaki mahali salama.

Mwishowe utakuta nyota chache zilizokaa kwenye kona zisizo zake: magnesiamu nyingi kwa chuma na umri wa miaka bilioni 3, au itriamu na bariamu nyingi kupita nyota zote za rika lake. Usizifute. Za aina ya kwanza zimejadiliwa sana tangu 2015, na nyingi zinaelekea kuwa nyota za zamani zilizopokea gesi kutoka kwa pacha au zilizoungana naye, zikawa nzito na kuonekana changa. Za aina ya pili mara nyingi zilimwagiwa itriamu hiyo na mwenzake ambaye sasa ni kibete cheupe. Zipe alama tofauti kwenye grafu, ziondoe kwenye hesabu ya thamani ya kati, kisha rudi kwenye data za Gaia utazame kama kasi yake ya kuja kwetu au kwenda mbali nasi hubadilikabadilika, kwa kuwa badiliko hilo ndilo dalili ya kawaida ya pacha asiyeonekana.